Safu ya Tatu

Lori lilikuja likivutwa kwa mnyororo,
Ford ya mwaka themanini na saba, mlango mmoja wa rangi nyingine.
Dakota Kaskazini, Januari, baridi
ya kugandisha mate kabla hayajagusa chini.
Verna alishuka. Baba yake hakushuka.
"Taa nyekundu inawaka," Verna akasema, "na injini inagonga.
Geji imelala. Lakini oili imo, nimepima."

Imo. Nami nilipima, kijiti kikatoka
kimelowa mpaka alama ya juu.
Ila kuwamo si kufika.
Mto hufurika, na shamba la ng'ambo likafa kiu.

Usianze kwa kufungua. Anza kwa kutoamini.
Nilichomoa kihisio, kidude cha bei ya mlo wa mchana,
nikafunga geji yangu ya shaba, isiyojua kubembeleza.
Injini ya baridi: arobaini. Nikangoja.
Mzee Orville akaletwa ndani, akapewa kiti karibu na hita,
kofia magotini, macho sakafuni.
Injini ilipopata moto: ishirini. Kumi na mbili. Sita.
Na juu, kwenye valvu, tak, tak, tak,
kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba anayojua ina watu.

Basi taa haikusema uongo.

Chini ya kizibo, povu la rangi ya chai ya maziwa.
Maji! Nikahofia gasketi. Nikachungulia rejeta:
imejaa, safi, haina hata jicho la mafuta.
Maji haya hayakuvuja. Yalitoka jasho humo humo.
Nikafungua kifuniko cha valvu.

Wajua ukoko wa wali uliosahauliwa motoni?
Weusi ule, lakini laini, wa kukatika kwa kijiko.
Nilizamisha kidole mpaka pingili ya pili.
Nikashusha sampo: pampu nzima, haina kosa,
ila wavu wake wa kufyonzea, mdogo kama chujio la chai,
ulikuwa umebakiwa na matundu saba.
Niliyahesabu.
Moyo mzima, koo limekabwa.

"Hili si tope la safari ndefu," nikamwambia Verna.
"Ni la safari fupi. Unawasha, haijachemka, unazima.
Jasho halipati muda wa kuwa mvuke,
linabaki, linaoana na masizi.
Kila siku. Misimu mitatu, labda minne."

Verna akacheka. "Haiwezekani. Baba aliacha kuendesha
tangu macho yake yaingie ukungu.
Ufunguo uko kabatini kwangu."

Hita ikanguruma.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa;
sikuwahi kuiona ikipimwa kwa tope.

"Kuna ufunguo wa pili," Orville akaiambia sakafu.
"Kilomita mbili na nusu. Kutoka ghalani
mpaka makaburi ya Walutheri, safu ya tatu.
Injini haijapata moto, mimi nimeshafika.
Siku za upepo sikuzima. Nilikaa humo humo,
nikafungua dirisha kidogo, tukazungumza."

Verna alikuwa ameanza kumwendea,
mkono umeshanyooka kuelekea bega lake.
Ukasimama hewani.

"Mama," akasema, "amelala safu ya kwanza."

Hakuna aliyejibu. Nje, gari la kusomba theluji
lilipita, likarudi, likapita.

Nilirudi kwenye injini.
Wako wanaomimina dawa kali na kuiacha ingurume,
eti isafike kwa mpigo mmoja.
Mimi simimini. Tope likibanduka lote pamoja
hukimbilia kwenye wavu, na hapo ndipo injini hufa,
siku ile ile ya kusafishwa.
Nilichukua kijiko cha mti,
nikakwangua pembeni kwanza, kidogo,
nikipangusa kwa kitambaa,
nikakwangua tena.